MCHIMBA SHIMO NA ALIFUKIE

Hotuba iliyosomwa na Katibu wa Vijana wa Tawi mbele ya mkutano wa wananchi wa Somanda, Bariadi. Twaichapa yote kama ilivyosemwa, kwa kuwa jambo lenyewe lawahusu wengi.

 

Twajua kwamba mnapoiona meza ya Chama imewekwa chini ya mti hapa Somanda, wengi wenu hushika mifuko. Leo hatukuja kudai ada, wala hatukuja kuomba kura. Tumekuja kuzungumza nanyi juu ya mashimo.

Wazee walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Walikuwa wakimwonya mwenye hila. Lakini katika nchi yetu ya leo mithali hiyo imegeuka. Huyu achimba, akipata chake huenda zake, na anayeingia shimoni ni ng'ombe wa jirani, au mtoto aliyetumwa kuni, au kijana mwingine aliyekuja baadaye kutafuta masalio. Basi hilo ndilo neno letu la leo: nani achimbe, achimbe vipi, na akiisha kuchimba nani alifukie shimo.

MSIBA WA NG'ALITA

Ndugu wananchi, hatuna haja ya kwenda mbali. Alfajiri ya Jumamosi, tarehe 13 Januari 2024, huko Ng'alita, Ikinabushu, katika Wilaya yetu hii ya Bariadi, udongo uliporomoka juu ya watu waliokuwa wakichimba dhahabu. Maiti 22 zilitolewa. Ilielezwa kuwa marehemu walikuwa watu wa miaka 24 hadi 38. Sisi tunaosimama mbele yenu umri wetu umo humo humo. Hao walikuwa rika letu.

Ilielezwa pia kwamba afisa wa madini alikuwa amefika mahali pale kabla ya msiba, akakataza watu wasichimbe, kwa sababu eneo lilikuwa bado halijatambuliwa rasmi, na utaratibu wa usalama, afya na mazingira ulikuwa haujawekwa. Tena mvua zilikuwa zikinyesha kwa nguvu. Lakini usiku wa Ijumaa kundi la watu likaingia likaanza kuchimba, na ardhi ikawafunika.

Sasa watu wengi waliposikia habari hiyo walisema neno moja tu: "Walikaidi amri." Kisha wakanyamaza, kana kwamba shauri limekwisha. Sisi twasema shauri halijakwisha. Ni kweli amri ilikaidiwa. Lakini mtu mwenye akili timamu, mwenye mke na watoto, hawezi kuingia gizani chini ya udongo uliolowa maji kwa sababu ya ukaidi mtupu. Yatupasa tuulize: kwa nini amri iliyokuwa ya haki, iliyotolewa ili kuwaokoa, haikuingia masikioni mwao?

AMRI NA VIBOKO VYA ZAMANI

Wazee waliopo hapa watatusahihisha tukikosea. Usukuma hii imekwisha kuona amri nyingi juu ya ardhi. Baada ya vita vya pili vya dunia, serikali ya kikoloni ilianzisha mpango mkubwa wa maendeleo ya Usukuma, mwaka 1947, na makao yake yakawa Malya. Mpango ule ulisema mengi ambayo hata leo hatuwezi kuyaita ya uongo. Ulisema udongo unachukuliwa na maji. Ulisema ng'ombe wamekuwa wengi kupita majani. Ulisema watu walime kwa matuta ili kuzuia maji, watie samadi shambani, wapande mihogo ya kuzuia njaa.

Lakini maneno hayo yalikujaje? Yalikuja kwa amri na kwa faini. Mkulima hakuulizwa. Aliambiwa tu: lima matuta, punguza ng'ombe, lipa, na asiyetii alipelekwa barazani kuhukumiwa. Na watu walipotaka chombo cha kusemea, serikali ile ilikataa kuandikisha matawi ya TANU huku Usukumani, kuanzia mwaka 1954 hadi mwaka 1958. Ikawa kinywa kimefungwa na mgongo umebebeshwa. Mwaka 1958 watu wa Geita waliandamana kwa maelfu, na baada ya hapo wakoloni wenyewe wakaona kuwa amri za namna ile haziwezi kuendelea.

Kwa nini twawakumbusha habari hizi? Kwa sababu babu zetu walijifunza kwamba mtu wa serikali akija shambani kwako na kusema "usifanye", ametumwa kukuonea. Somo hilo lilirithiwa. Hata baada ya Uhuru, hata baada ya sheria kuwa sheria zetu, zilizopitishwa na Bunge letu, kijana akiona kibao "Ni marufuku kuchimba" moyo wake humwambia: hapo pana mali, wanataka kuila wenyewe.

Wakoloni walikuwa na jambo jema mkononi, nalo ni kuhifadhi udongo, wakaliharibu kwa namna walivyolileta. Sisi tuliojitawala tuna jambo jema mkononi, na tukilileta kwa namna ile ile tutaliharibu vile vile. Sheria haitiiwi kwa kuwa imeandikwa. Hutiiwi na mtu aliyeielewa, aliyeona kwamba inamlinda yeye kabla ya kumlinda mwingine.

Na hapa, ndugu zangu, yatupasa tujilaumu sisi wa Chama kwanza. Tulikuwa tukipita vijijini kuuza kadi na kuhesabu wanachama. Machimboni tulikuwa tukienda kutafuta umati. Ni mara ngapi tulikaa kwenye mlango wa duara tukamwuliza kijana: je, umeweka matimba? Una leseni? Unajua sheria yasemaje? Hatukuuliza. Tukiisha kusema hayo, basi tuna haki ya kusema mengine.

MCHIMBAJI ANAPOIFUNGUA ARDHI

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kwamba jambo lisiloonekana kwa macho halina budi kuonyeshwa kwa kitu cha nyumbani. Basi itazameni ardhi kama nyumba ya nyasi. Juu kabisa ni paa, nalo ni ule udongo mweusi ambao mvua na majani na samadi vimeutengeneza kwa miaka mamia. Paa hilo ni jembamba. Mahali pengi halifiki kimo cha goti. Pamba yetu, mahindi yetu, mtama wetu na malisho ya ng'ombe wetu vyote vyaishi juu ya paa hilo.

Mchimbaji wa juu ya ardhi, awe mdogo mwenye sururu au kampuni yenye mitambo, kwanza huliondoa paa. Akilichanganya na mawe ya chini, paa limekwisha. Hata akilifukia shimo baadaye, mawe yakiwa juu na udongo mweusi ukiwa chini, hapo hapatalimwa tena katika maisha yake wala ya mwanawe.

La pili ni maji. Shimo huvuta maji ya visima vya jirani, na mvua ikinyesha hubeba udongo uliolegezwa na kuupeleka mtoni. Mto Simiyu huenda mpaka Ziwa Victoria. Basi tope la kwetu ni tope la watu wa Magu, na mwisho wake ni kwenye mazalio ya samaki.

La tatu ni sumu, na hii ni ya aina mbili. Yako mawe yenye asili ya kiberiti ambayo yakikaa chini ya ardhi hayana neno. Yakitolewa juu, yakakutana na hewa na mvua, huzaa asidi, na asidi hiyo huyeyusha madini mengine mabaya na kuyatia majini. Jambo hilo hutokea katika machimbo ya dhahabu na ya makaa ya mawe pia. Sumu nyingine twaileta wenyewe, nayo ni zebaki. Mwoshaji huitia katika karai, ikakamata chembe za dhahabu, kisha akaichoma motoni ili dhahabu ibaki. Moshi ule ni zebaki yenyewe. Huvutwa na mchomaji, na mkewe, na mtoto aliye mgongoni. Inayobaki huenda majini, humo hugeuka ikaingia kwa samaki, na samaki huingia kwa mtu. Huko Japani, katika mji wa Minamata, ugonjwa wa zebaki uligunduliwa mwaka 1956, baada ya kiwanda kumwaga taka baharini na watu kula samaki. Watu walipooza, na watoto walizaliwa na vilema. Ndiyo maana mkataba wa mataifa wa mwaka 2013 wa kupunguza zebaki uliitwa kwa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

La nne ni shimo lenyewe. Hilo mwalijua, hatuna haja ya kulieleza.

WENZETU WALIJIFUNZA KWA MAITI

Msidhani kwamba mambo haya ni ya watu maskini tu. Huko Wales, Uingereza, kijijini Aberfan, makaa ya mawe yalichimbwa miaka mingi, na kifusi chake kikarundikwa mlimani juu ya kijiji. Rundo moja liliwekwa juu ya chemchemi ya maji. Watu wa kijiji walikuwa wamekwisha kutoa hofu yao. Asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1966, baada ya mvua nyingi, rundo lilitelemka likaifunika shule. Walikufa watu 144, na katika hao watoto walikuwa 116. Walikuwa wamekaa madarasani, wakianza masomo yao ya asubuhi ile. Baraza la uchunguzi lilitoa lawama kwa shirika la serikali lililokuwa na machimbo hayo. Sheria ya kusimamia marundo ya kifusi ikaja mwaka 1969. Mtaona: kwanza watoto, kisha sheria.

Huko Marekani, katika jimbo la West Virginia, tarehe 26 Februari 1972, bwawa la takataka za makaa ya mawe lilipasuka katika bonde la Buffalo Creek, likaua watu 125 na kuwaacha maelfu bila nyumba. Katika milima ile ile kampuni zilikuwa zikikata vilele na kuyaacha makovu, maji ya mito yakawa machungu. Watu walipiga kelele miaka mingi. Mwishowe, tarehe 3 Agosti 1977, Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria ya taifa juu ya uchimbaji wa makaa ya mawe wa juu ya ardhi.

Sikilizeni yaliyomo, maana ni akili ya kawaida kabisa. Kwanza, udongo wa juu utengwe, ulindwe, urudishwe juu. Pili, ardhi irudishiwe umbo lake la karibu na lile la asili. Tatu, kabla ya kuanza kuchimba, kampuni iweke dhamana ya fedha. Ikikimbia, serikali itumie fedha hizo kulifukia shimo. Nne, kila tani ya makaa iliyochimbwa juu ya ardhi ilitozwa senti 35 za dola wakati sheria ilipoanza, zikawekwa katika mfuko wa kutengeneza mashimo ya zamani yaliyoachwa na watu waliokwisha kutoweka. Sheria hiyo haikumaliza ubaya wote. Lakini ilikata neno: mchimba shimo na alifukie.

Nasi tuna makaa yetu. Huko Ngaka, Wilaya ya Mbinga, makaa ya mawe yamekuwa yakichimbwa kwa njia hiyo ya juu ya ardhi tangu mwaka 2011. Na karibu zaidi na sisi, pande za Dutwa na Ngasamo, wataalamu wamekwisha kupima nikeli iliyo karibu na uso wa ardhi. Madini ya namna hiyo hayachimbwi kwa duara jembamba. Huchimbwa kwa kuondoa kilima. Basi maneno ya Ngaka na ya Marekani yaweza kuwa maneno yetu. Afadhali tuyajue leo.

SHERIA IWAFUNGE WAKUBWA NA WADOGO

Kijana mmoja alituuliza njiani: "Mbona mnatufuata sisi wenye sururu, na wenye mitambo mnawaacha?" Swali hilo ni la haki, na jibu ni kwamba wasiachwe.

Tarehe 7 Novemba 2022, huko Mwadui, Wilaya ya Kishapu, kingo za bwawa la tope la mgodi wa almasi zilibomoka. Tope likafunika mashamba na nyumba za ndugu zetu wa vijiji vya jirani. Kwa bahati hapakufa mtu. Huko North Mara, Tarime, malalamiko juu ya maji ya sumu kuvuja kutoka mgodini yalikuwa ya miaka mingi. Mwaka 2009 maji ya mgodi yaliingia katika Mto Tigithe. Mwaka 2019 Baraza la mazingira la taifa liliutoza mgodi huo faini ya shilingi bilioni 5.6, na baadaye mwaka huo huo likauzuia kutumia bwawa lake la tope.

Basi tumeona kwamba Serikali yetu ikitaka, yaweza kumshika mkubwa. Lakini pia tumeona kwamba kati ya mwaka 2009 na 2019 kuna miaka 10. Ng'ombe hawezi kungoja miaka 10 kunywa maji. Chama kinasema waziwazi: mkaguzi afike kabla bwawa halijapasuka, na ripoti yake isomwe kijijini kwa lugha ambayo kijiji kinaielewa.

Sheria zetu zasemaje? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 yataka kazi kubwa kama ya mgodi ipimwe kwanza athari zake, na wananchi wa mahali wasikilizwe. Sheria hiyo hiyo yakataza kazi za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Sheria ya Madini ya mwaka 2010, pamoja na marekebisho ya mwaka 2017, yasema madini yote ni mali ya wananchi wa Tanzania, chini ya udhamini wa Rais. Na leseni ndogo ya uchimbaji hupewa Mtanzania tu. Mgeni hana haki nayo. Mgodi mkubwa wadaiwa dhamana ya kuirudisha ardhi katika hali njema.

Kwa hiyo ninyi mnaodhani kuwa leseni ni kamba ya kumfunga maskini, tazameni upya. Asiye na leseni hana haki ya kusimama mbele ya tajiri anayekuja na karatasi yake. Anaweza kuondolewa kesho, na jasho lake likabaki humo shimoni. Mwenye leseni ana ngao.

"TUTAKULA NINI?"

Sasa twafikia neno gumu. Wengine wenu mnasema moyoni: "Hawa wamesoma, wanasema maneno mazuri, lakini sisi tutakula nini? Pamba ina mwaka wake mwema na mwaka wake mbaya. Mvua haina ahadi. Dhahabu ikionekana leo, kesho wamejaa watu kutoka Geita na Kahama. Nikingoja ofisi, rashi imekwisha."

Hatuwezi kulidharau neno hilo. Njaa haijui kusoma kibao. Na hapa lawama ina upande wa pili. Ikiwa eneo limeonekana kuwa na dhahabu, na vijana wamekwisha kusanyika, haitoshi kusema "acheni" na kuondoka. Waliokatazwa wabaki wakijua watangoja nini, kwa siku ngapi, na nani atawarudia. Amri isiyo na tarehe ni kama mlango uliofungwa bila ukuta. Watu watazunguka na kuingia usiku.

Tena tuna ushahidi kwamba wachimbaji wakisikilizwa, mambo hubadilika. Mwanzoni mwa mwaka 2019 wachimbaji wadogo waliitwa Dar es Salaam, wakasema taabu zao mbele ya Rais. Mwaka huo huo Bunge likawafutia kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 na kodi ya zuio ya asilimia 5 katika madini yao, na masoko ya madini yakafunguliwa mikoani, kuanzia Geita. Dhahabu iliyokuwa ikipita gizani ikaanza kupita mezani. Watu ni wale wale. Kilichobadilika ni sheria iliyosikia kabla ya kusema.

TUFANYE NINI

Ndugu wananchi, mkutano usio na azimio ni kama mbiu isiyo na mpigaji. Tawi letu limekaa, limezungumza, na tunaleta mbele yenu mambo matano. Mkiyakataa, semeni. Mkiyakubali, tuyashike.

La kwanza: umoja wa wachimbaji. Wazee wetu wa pamba walikuwa wakipunjwa kwenye mizani, kila mtu peke yake na gunia lake. Wakaunda vyama, wakasimamisha watu wao wa kutazama mizani, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, akiongoza Paul Bomani. Hawakuwa na elimu kubwa kuliko ninyi. Basi wachimbaji wa kila eneo na wajiandikishe kikundi kimoja, waombe leseni kwa jina la kikundi, na Tawi litawaandikia barua na kufuatana nao hadi kwa Afisa Madini Mkazi.

La pili: daftari la mashimo. Kila kitongoji kiwe na daftari, liandikwe kila shimo: liko shamba la nani, amelichimba nani, lini, na kama limefukiwa. Sisi tulio na kalamu tutaandika bure. Shimo lenye jina la mtu hufukiwa upesi kuliko shimo lisilo na jina.

La tatu: hakuna kuingia shimoni wakati wa mvua kubwa, na hakuna duara lisilo na matimba. Wenzake wa mchimbaji wawe walinzi wake. Tusingoje polisi watoke mjini; wao hufika kuhesabu maiti.

La nne: zebaki isichomwe nyumbani, wala karai lisioshwe mtoni. Pawe mahali pamoja pa kuoshea, mbali na maji kwa zile mita 60, na vyombo vya kunasa moshi wa zebaki vinunuliwe kwa fedha za kikundi. Mama zetu, katika hili ninyi ndio askari. Mtu akileta karai la zebaki jikoni mwako, mfukuze kama ungemfukuza fisi.

La tano: udongo wa juu utengwe. Kazi hiyo haina gharama ila adabu. Uweke upande wake, na ukimaliza urudishe mawe chini na udongo juu.

Huenda mtu akasema: nani atasimamia haya bila askari? Twamjibu kwa neno moja: ngitili. Nani alimwekea Msukuma askari wa kulinda ngitili yake? Mradi wa kuhifadhi ardhi ya Shinyanga ulipoanza mwaka 1986, Bariadi yetu ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Shinyanga, nchi ilikuwa ikigeuka kuwa jangwa. Safari ile watu hawakupigwa viboko. Waliulizwa wazee walikuwa wakihifadhije malisho yao, nao wakasema: kwa ngitili. Kila ukoo na kila kijiji kikafunga sehemu yake, kikaweka sheria yake na faini yake. Mpaka mwaka 2004 zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudiwa na miti na majani. Nchi ile ile, watu wale wale ambao baba zao walipinga amri za Malya. Tofauti ilikuwa kwamba safari ile sheria ilitoka vinywani mwao.

Hayo ndiyo tunayoyataka juu ya mashimo. Serikali ina kazi yake, nayo isiikwepe: ipime, itoe leseni upesi, ikague wakubwa na wadogo, na ikikataza ieleze. Kijiji kina kazi yake. Chama kina kazi yake, na kuanzia juma lijalo wajumbe wetu wawili watakuwa machimboni kila siku ya Jumatatu, wakiwa na daftari na kalamu. Wasipofika, njooni mtuulize hapa hapa mbele ya watu.

NENO LA MWISHO

Wazee wetu walidai Uhuru ili mtu asije kutoka mbali akawaambia ardhi yenu itumike hivi na msiulize. Tukaupata. Lakini Uhuru haukuwa ruhusa ya kila mtu kuichimba nchi kama panya achimbavyo ghala, akala usiku mmoja na kuwaachia wenzake njaa ya mwaka. Nchi huru ni nchi ambayo watu wake wenyewe wanajiwekea mpaka, na wanauheshimu hata pasipo mtu wa kuwatazama.

Wale 22 wa Ng'alita hawawezi kusikia hotuba hii. Walikuwa na nguvu, walikuwa na shida, na walikuwa na ujasiri wa kuingia mahali ambapo wengi wetu tungeogopa. Nchi ilizihitaji nguvu zile. Shimo lililowachukua lilifunguliwa kwa haraka ya usiku mmoja, na katika nyumba zao hakuna awezaye kulifukia.

Basi kila mmoja wenu akirudi nyumbani leo na apitie shamba lake. Akiona shimo, alisimamie, ajiulize ni la nani. Kama ni lake, jembe analo. Kama si lake, ajue jina la mwenyewe, na Jumatatu alilete kwenye daftari.

 Sasa ni zamu yenu kusema.